Jisaidie Nami Nitakusaidia? Kweli na si kweli kuhusu neema na unyenyekevu

"Mungu amesema: jisaidie nami nitakusaidia."

Si kweli. Soma kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, hutayakuta maneno hayo. Hata hivyo yanatajwa harusini, msibani, kwenye vikao vya vikoba na hata madhabahuni, na anayeyatamka huwa na uhakika wa mtu anayenukuu Maandiko. Wazo lenyewe ni la kale. Limo katika hekaya za Kigiriki zinazohusishwa na Esopo, na Benjamin Franklin, mchapaji wa Philadelphia, alilichapa katika kalenda yake ya mwaka 1736, likazidi kuenea.

Usemi huu unapendwa kwa sababu unahimiza kazi, na kazi ni njema. Ubaya wake ni mahali unapomweka Mungu: anakaa pembeni, anatazama kama mtu ametimiza fungu lake, ndipo naye anyooshe mkono. Biblia inasimulia kinyume. Waisraeli walivushwa bahari katika Kutoka 14. Amri Kumi zinakuja katika Kutoka 20. Wokovu ulitangulia, utii ukafuata. Paulo anaandika katika Warumi 5 kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa hatuna nguvu, tukiwa bado wenye dhambi, tena tukiwa adui. Katika hali hizo tatu hakuna hata moja ambayo mtu anaweza kuiita kujisaidia.

Na usemi huu unaumiza watu. Mwenye afya, kazi na akiba akiusikia anajiona amefaulu. Mlevi aliyeacha pombe na kuirudia mara nyingi, mama anayelea peke yake mtoto mwenye ulemavu, mzee ambaye hata uji ananyweshwa, hao wakiusikia wanaelewa kwamba wao hawamo. Wale ambao Yesu aliwatafuta kwanza ndio tunaowafungia mlango, na tunaufunga kwa jina lake.

"Basi anayetegemea neema hukaa tu akisubiri."

Si kweli vilevile. Paulo, ambaye katika Agano Jipya ndiye aliyeandika zaidi juu ya neema, alikuwa fundi wa mahema, na kule Korintho alifanya kazi hiyo akikaa kwa Akila na Prisila. Katika 1 Wakorintho 15:10 anadai kwamba alitaabika kuliko mitume wenzake wote, halafu papo hapo anaongeza kwamba haikuwa yeye, ilikuwa neema ya Mungu iliyo pamoja naye. Hakuona mgongano wowote kati ya jasho na neema. Mgongano tunauleta sisi, tunapodhani kwamba Mungu na mtu wanagawana kazi nusu kwa nusu, hata akizidisha mmoja lazima mwingine apunguze.

Kosa hili lina sura moja ya hatari: mgonjwa anayeambiwa kuwa kumeza dawa ni kukosa imani. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kuombewa, na wapo tuliowazika kwa sababu hiyo. Paulo alimshauri Timotheo namna ya kulitunza tumbo lililokuwa likimsumbua (1 Timotheo 5:23), na alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hakumlaumu yeyote kati yao kwa uhaba wa imani. Kidonge, nesi wa zamu ya usiku, daktari aliyesomeshwa kwa kodi za watu, vyote hivyo vimo ndani ya riziki tunayoiomba kila tunaposali Baba Yetu. Mtumishi anayemwambia mgonjwa aache dawa amejitwalia mamlaka ambayo hakupewa.

"Mnyenyekevu ni yule anayesema 'mimi si kitu'."

Si kweli, na hapa panahitaji kukaa kidogo.

Mwimbaji wa kwaya ameimba mpaka kanisa zima limesimama. Baada ya ibada, nje pale penye mnada wa ndizi na kuku wa sadaka, mama mmoja anamshika mkono: "Mwanangu, leo umetubariki." Naye anajibu, macho chini: "Aa, mama, mimi hata kuimba sijui." Anajua kwamba anajua kuimba, na mama pia anajua. Sasa mama inabidi amsifu mara ya pili, kwa nguvu zaidi, ili kumtoa katika ule unyonge wa kusingizia. Kujishusha kumemletea sifa maradufu. Angesema tu, "Asante mama, namshukuru Mungu, na mwalimu wetu ametufundisha vizuri," angekuwa amesema kweli, na angekuwa ameelekeza sifa kule zilikotoka.

Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, alifundisha kwamba unyenyekevu ni kuenenda katika kweli. Mtu hujiona kwa kipimo chake halisi, hajizidishii wala hajipunguzii. Ndiyo maana Paulo, akiwaandikia Wakolosai katika sura ya pili, anawaonya juu ya unyenyekevu wa kujitungia, ule wa kuutesa mwili na kujinyima kwa kuonekana. Anasema una sura ya hekima lakini haumsaidii mtu kuushinda mwili. Wengi hushangaa kusikia kwamba Biblia inaonya dhidi ya aina fulani ya unyenyekevu. Inaonya, tena waziwazi.

Mtazame Musa. Mbele ya kile kijiti kilichowaka moto alitoa udhuru baada ya udhuru: yeye ni nani hata aende kwa Farao, watu hawatamwamini, ulimi wake ni mzito, atumwe mtu mwingine. Kwa masikio yetu hayo yote ni maneno ya mtu mpole asiyejikweza. Lakini Kutoka 4:14 inasema hasira ya Bwana iliwaka juu yake. Maneno yote hayo, hata yale ya kujidharau, yalikuwa yanamzungumzia Musa na uwezo wa Musa. Baadaye, Hesabu 12:3 inamtaja mtu huyuhuyu kuwa mpole kuliko watu wote duniani, na kufikia hapo alikuwa amesimama mbele ya Farao, ameongoza taifa zima, tena amebishana na Mungu mwenyewe akiwaombea watu wake. Upole wake haukupimwa kwa kukataa kazi.

Na Yohana, kabla ya kusimulia jinsi Yesu alivyojifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu, anatanguliza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na kwa Mungu anarudi. Aliinama akijua yeye ni nani. Asiyejua ni mtoto wa nani huogopa kuinama, maana anadhani akiinama atabaki huko chini.

"Mnyenyekevu hanyanyui sauti mbele ya mkubwa."

Si kweli. Tumelelewa kumwamkia mkubwa, kumpisha kiti na kutomkatiza anapozungumza, na hiyo ni heshima njema. Ila tumeichanganya heshima na unyenyekevu wa Kikristo mpaka mtu akihoji hesabu za jengo la kanisa anaitwa mwenye kiburi.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 Mucwini, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda. Aliokoka Januari 1948 akiwa mwalimu, katika ule Uamsho wa Afrika Mashariki ambao alama yake kubwa ilikuwa toba na kuvunjika moyo. Mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa jimbo la Kianglikana lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga upande wa Zaire. Waliomfahamu walimjua kama mtu wa upole. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake na kuipekua wakitafuta silaha. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua, wakataja mauaji, watu kupotea na mabavu ya vyombo vya usalama. Hawakutukana. Walisema yaliyokuwa yakitendeka, na wakaweka sahihi zao.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala, kwenye hoteli ya Nile Mansions. Wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kuwa amekufa katika ajali ya gari, yeye pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kaburi lilichimbwa Namirembe lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Mtu huyo hakuwa na jeshi, na hakuwa na hila za siasa. Kilichomwezesha kuandika barua ile ni kilekile kilichompigisha magoti mwaka 1948. Aliyekwisha kusimama mbele ya Mungu akiwa mikono mitupu, akapokelewa, hana tena kitu cha kuficha ambacho mtawala anaweza kumtishia nacho. Ujasiri wa namna hiyo na kiburi ni vitu viwili visivyofanana hata kwa mbali, maana mwenye kiburi hupigania jina lake, na Luwum aliwatetea wafu ambao wengi wao hakuwajua.

"Ukijinyenyekeza vya kutosha, Mungu atakupa neema."

Hapa ndipo penye fundo. Yakobo na Petro wote wawili wanasema kwamba Mungu huwapinga wenye kiburi na kuwapa neema wanyenyekevu. Kwa hiyo kuna ukweli. Lakini yale maneno "vya kutosha" yameubadilisha unyenyekevu kuwa malipo, na neema ikishalipiwa haibaki kuwa neema.

Twende kwa Mfarisayo na mtoza ushuru katika Luka 18. Tumezoea kumchora Mfarisayo kama mtu asiyemtaja Mungu. Soma tena: anaanza kwa kumshukuru Mungu. Anakiri, angalau mdomoni, kwamba wema wake umetoka juu. Anafunga mara mbili kwa juma, anatoa zaka ya mapato yake yote. Katika kanisa lolote letu angekuwa mzee wa kanisa, na ripoti ya fedha ingesomwa kwa furaha. Shida yake ni kwamba shukrani ile ilikuwa hesabu ya tofauti kati yake na wengine, tena mmoja wao akiwa amesimama palepale nyuma yake. Mtu anaweza kuijaza sala yake maneno ya neema huku moyoni akijiwekea akiba ya matendo.

Mtoza ushuru naye hakuleta unyenyekevu kama sadaka. Hakusema, "Tazama jinsi ninavyojipiga kifua." Hakuwa na cha kuleta. Aliomba kurehemiwa kwa sababu hakubakiwa na njia nyingine. Hali hiyo ya kuishiwa ndiyo Biblia inayoiita unyenyekevu, na anayekuwa ndani yake mara nyingi hajioni mnyenyekevu hata kidogo. Anajiona ana shida. Akianza kujitazama na kusema, "Kweli sasa nimenyenyekea," tayari ameondoka pale alipokuwa.

Ndiyo maana nina shaka na mifungo inayotangazwa kama njia ya "kumgusa Mungu". Kufunga ni jambo jema, Yesu mwenyewe alifunga. Ila Mungu aliyemtoa Mwanawe hangoji tukonde ndipo ashawishike kutupenda. Tunafunga ili sisi tusikie vizuri.

"Panda mbegu, upokee muujiza."

Si kweli, na kati ya yote ninayoyataja hapa, hili ndilo linalonikasirisha zaidi.

Naamani, jemadari wa Shamu, alikuja kwa Elisha na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mivao 10 ya mavazi. Alikuja kama anavyokuja mtu mwenye uwezo: alipe, ahudumiwe, aondoke bila deni kwa mtu. Elisha hakutoka hata nje kumlaki. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba Yordani. Naamani alikasirika, akataka kurudi kwao, na waliomtuliza ni watumishi wake, wale ambao hata majina yao hayakuandikwa. Habari yote ilianza na kijakazi, binti mdogo aliyetekwa vitani. Kila hatua ya kupona kwake ilimpitisha mikononi mwa watu wa chini yake. Alipopona akarudi na zawadi, na Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu. Ni Gehazi, mtumishi wa nabii, aliyemkimbilia njiani na kumdanganya ili achukue fedha na nguo, na ukoma wa Naamani ukamrukia yeye.

Fundisho la 2 Wafalme 5 halihitaji mhubiri wa kulipamba: anayeiwekea bei zawadi ya Mungu anarithi ugonjwa wa yule aliyemtoza. Simoni wa Samaria, katika Matendo 8, alitaka kumnunua Roho Mtakatifu kwa fedha, na Petro alimkemea kwa maneno makali. Mwaka 1517 Johann Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani akiuza vyeti vya rehema, na hiyo ndiyo iliyomsukuma Martin Luther kuandika hoja zake 95.

Hayo ni ya mbali. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwepo watoto kati yao. Walikuwa watu waliokuwa na haja: mwenye mgonjwa nyumbani, mwenye kesi, mwenye biashara iliyokwama. Siwalaumu hata kidogo. Haja zao zilikuwa za kweli. Lakini nani aliwafundisha kwamba baraka ya Mungu imemwagwa mahali pamoja, kwamba inaweza kuisha, kwamba anayechelewa ataikosa? Neema inayogombewa kwa kukanyagana si ile ya Injili. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa ndani ya umati uliosongamana, na Yesu alisimama, akausimamisha msafara mzima, mpaka amsikie yeye mmoja.

"Aliyeokoka hana tena haja ya kutubu."

Si kweli. Waulize ndugu wa Uamsho wenyewe. Mwanzo wake hutajwa kuwa Septemba 1929, pale daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alipokutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Church alikuwa mmisionari Mwingereza aliyechoka na kukata tamaa; Nsibambi alikuwa Mganda, raia wa nchi iliyotawaliwa. Mzungu kukiri umaskini wake wa roho mbele ya Mwafrika, katika siku zile za ukoloni, lilikuwa jambo la kushangaza. Moto huo ulisambaa Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanganyika hadi mashariki mwa Kongo, na kokote ulikofika watu waliitwa kutembea nuruni, yaani kutoificha dhambi ya leo kwa kusimulia ushuhuda wa zamani.

Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alikuwa akisimulia siku aliyomtendea mkewe Mera kwa ukali, kisha akatoka kwenda kuhubiri. Njiani akasikia moyoni kwamba arudi akaombe na mkewe. Akajitetea: watu wananingoja, nitapatana naye nikirudi. Akasikia akijibiwa kwamba sawa, aende akahubiri, ila Roho atabaki nyumbani na Mera. Akageuza njia.

Namna hiyo ya toba ina mlango, jiko na mke mwenye jina. Ni rahisi sana kutubu kwa jumla, "Bwana, sisi ni wenye dhambi," kuliko kurudi nyumbani saa nne asubuhi na Biblia mkononi na kusema, "Mama, nilikukosea." Mwaka 1977 Kivengere huyohuyo, akiwa mkimbizi baada ya kuuawa kwa rafiki yake Luwum, aliona katika ibada ya Ijumaa Kuu mjini London kwamba chuki yake kwa Amin inamla yeye mwenyewe, akaitubu. Kitabu alichokitoa mwaka huo kina jina ambalo mpaka leo huwashtua watu: I Love Idi Amin (Nampenda Idi Amin).

Uamsho nao ulikuwa na majaribu yake. Kulikuwa na waliogeuza kuungama hadharani kuwa kipimo cha nani ameokoka kweli na nani bado, na miaka ya baadaye ndugu waligawanyika juu ya nani "ameamka" zaidi. Hata toba, ikishakuwa sare ya kundi, inaweza kuvaliwa kwa majivuno.

"Wakatoliki wanategemea matendo, Waprotestanti wanategemea neema."

Si kweli, ingawa nimesikia pande zote mbili zikiwaza hivyo. Mtaguso wa Trento, uliokutanishwa na Kanisa Katoliki kujibu hoja za Luther, katika kanuni yake ya kwanza kuhusu kuhesabiwa haki, Januari 1547, ulimlaani yeyote asemaye kwamba mtu anaweza kupata haki mbele za Mungu kwa matendo yake bila neema ya Kristo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) limo ndani yake, walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, bila stahili yetu. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Tofauti bado zipo juu ya namna neema inavyofanya kazi ndani ya mtu, nazo si ndogo. Lakini Mlutheri anayejivunia kuwa yeye ndiye mwenye neema, akimdharau jirani yake Mkatoliki wa jumuiya ndogondogo, ameshasimama mahali pa yule Mfarisayo.

"Mafundisho ya neema tumeletewa na wamisionari kutoka Ulaya."

Si kweli. Injili kwa Kiswahili ilikuja nao, ndiyo. Lakini aliyeandika juu ya neema mpaka Luther na Trento wote wakawa wanamnukuu yeye ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Tagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mpinzani wake, Pelagio, ndiye aliyekuwa wa Ulaya, mtu wa Britania, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa uwezo wake wa kuzaliwa. Maaskofu wa Afrika walikutana Kartago mwaka 418 wakalikataa fundisho hilo. Augustino alifariki Hippo mwaka 430 Wavandali wakiwa wameuzingira mji. Possidio, aliyeishi naye, anaeleza kwamba alibandikiwa zaburi za toba ukutani ili azisome akiwa kitandani, naye alizisoma akilia. Miaka zaidi ya 30 ya uaskofu na vitabu vingi kuliko ambavyo wengi wetu tutasoma maishani havikumwondoa katika hali ya mwombaji.

"Neema ikimgusa mtu kweli, anabadilika siku hiyohiyo."

Si kweli, na mfano unaotumiwa sana kuithibitisha ndio unaoipinga. Husimuliwa kwamba John Newton, nahodha wa meli ya watumwa, alikutwa na dhoruba, akamlilia Mungu, akaigeuza meli na kuwarudisha watu Afrika, kisha akatunga wimbo wake maarufu wa neema. Dhoruba ilikuwepo, Machi 1748, na Newton mwenyewe alihesabu uongofu wake tangu hapo. Hakugeuza meli yoyote. Alikuwa nahodha wa meli za watumwa baada ya dhoruba ile, mpaka mwaka 1754, na Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika sala huku watu wakiwa wamefungwa minyororo chini ya sitaha. Aliacha kazi hiyo kwa sababu ya ugonjwa. Akawa mchungaji mwaka 1764, wimbo ule ukatumika kanisani kwake Olney Januari 1773, na ndipo mwaka 1788, miaka 34 baada ya safari yake ya mwisho, akachapisha kijitabu cha kukiri na kuilaani biashara hiyo. Alifariki Desemba 1807, mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipoipiga marufuku.

Habari hiyo inaweza kumpa moyo mtu anayeona anabadilika polepole, na ni haki impe. Lakini wale waliokuwa chini ya sitaha kati ya 1748 na 1754 waliulipia huo upolepole. Kwa hiyo mume anayempiga mkewe, kisha akasimama kwenye ushirika na kusema, "Niombeeni wapendwa, Mungu bado ananishughulikia," asipigiwe makofi. Mke wake asiambiwe arudi nyumbani akanyenyekee. Mchungaji aliyemsikia ana kazi kabla hata ya kumwekea mikono: kuhakikisha mke na watoto wanalala mahali salama usiku huo, kumsindikiza mke mpaka dawati la jinsia la polisi kama akitaka kwenda, na kumwambia mume, uso kwa uso, kwamba neema anayoiomba inaanza na kuushusha ule mkono leo.